Sensa ya oksijeni imebadilishwa mara mbili, taa bado inawaka

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla Spacio ya 2002, injini 1NZ-FE, niko Morogoro. Taa ya cheki injini iliwaka, fundi akapima kwa mashine ikatoa P0135 na P0171, akasema sensa ya oksijeni ya mbele imekufa. Tukanunua ya used, taa ikakaa siku moja ikarudi. Tukanunua mpya ya bei ya kati, ilikuja bila soketi, akakata soketi ya ile ya zamani akaunga nyaya. Taa imerudi na kodi zilezile. Gari inakula mafuta sana, ekzosi inanuka petroli, na plagi zikifunguliwa ni nyeusi tii. Fundi anataka tununue ya tatu. Mwingine ananishauri nitoe masega kabisa. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Sensa ya tatu usinunue, na masega, yaani kile kisafishio cha moshi kwenye ekzosi, yasiguswe. Maelezo yako yana kila kitu cha kuanzia, hasa hilo la plagi nyeusi, ambalo naona hapo gereji hakuna aliyelipa uzito.

P0171 maana yake kompyuta ya injini inaona mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Imeongeza petroli, ikaongeza tena, mpaka imefika mwisho wa kiwango inachoruhusiwa kurekebisha, ndipo ikawasha taa. Injini iliyopungukiwa petroli kwelikweli hujulikana: plagi huwa nyeupe au kijivu hafifu, gari hukosa nguvu ukikanyaga mafuta, na mara nyingi asubuhi huwaka kwa tabu. Wewe una plagi nyeusi na harufu ya petroli. Yaani injini yako imeshiba petroli, lakini kompyuta inaambiwa ina njaa, nayo inazidi kumimina. Anayeiambia hivyo ni sensa ya mbele au nyaya zake. Ndiyo sababu nataka tutafute habari hii ya uongo inaingilia wapi, kabla hujatoa pesa nyingine dukani.

Sensa ya kawaida ya miaka hiyo ina kauri ya zirkonia ndani. Upande mmoja inaguswa na moshi, upande wa pili inaguswa na hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo. Petroli ikizidi, sensa hutoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, hushuka hadi karibu 0.1. Katikati, pale ambapo hewa ni kama gramu 14.7 kwa gramu moja ya petroli, ni karibu 0.45. Lakini kauri hiyo haifanyi kazi ikiwa baridi. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi. Kwa hiyo ndani yake kuna hita ndogo ya umeme, inayoipasha moto haraka baada ya kuwasha gari na kuilinda isipoe unapokuwa kwenye foleni. Hita isipofanya kazi, sensa inategemea joto la moshi peke yake. Barabara kuu itajitahidi, ila gari likisimama linaunguruma tu, kauri inapoa, volti zinaanguka chini, na volti za chini kompyuta inaweza kuzisoma kama hewa nyingi. Hapo unaona jinsi P0135, ambayo ni kodi ya hita, inavyoweza kuizaa P0171. Ukikuta kodi hizi mbili pamoja, ya hita ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kila mara.

Sasa P0135 yenyewe. Haisemi "sensa imekufa". Inasema umeme unaopita kwenye njia ya hita si wa kawaida, na njia hiyo ni ndefu: inatoka betri, inapita fyuzi na rilei, inashuka kwa waya hadi kwenye soketi, inaingia kwenye hita, inarudi kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoifungia njia ya kwenda bodi, yaani upande wa hasi. Kwenye Toyota za wakati huo kodi hii hutokea umeme wa hita ukizidi takriban ampea 2, au ukiwa mdogo mno, chini ya takriban robo ampea. Hita ya kawaida ya sensa za Toyota za nyaya nne ikiwa baridi hupima ohm 11 hadi 16. Kwa betri ya volti 12 inakuwa ampea moja hivi, au pungufu kidogo. Kati ya ampea mbili na robo ampea kuna nafasi pana, na sensa mpya kutoka nje ya nafasi hiyo kwa kosa lake yenyewe si jambo la kila siku.

Kinachonitia shaka kubwa zaidi kwenye gari lako ni ile kazi ya kuunga nyaya. Sensa za Denso, ambazo ndizo Toyota nyingi hutoka nazo kiwandani, zina nyaya mbili nyeusi za hita, moja ya bluu inayopeleka taarifa, na moja nyeupe ambayo ni bodi ya taarifa. Sensa za Bosch na NTK na nyingi za bei ya kati zinazoiga mpangilio huo, zina nyaya mbili nyeupe za hita, nyeusi ya taarifa, na kijivu ya bodi. Hebu fikiria fundi amekaa chini ya gari na sensa ya aina ya pili mkononi, upande wa soketi ana nyeusi mbili, bluu na nyeupe. Akifuata rangi, nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe, amepeleka umeme wa hita kwenye waya wa taarifa. Hita haiwaki, taarifa inayofika si ya kweli, na unapata kodi hizohizo mbili, P0135 na P0171, huku sensa yenyewe haina ubaya wowote, au ilikuwa haina kabla ya kuungwa. Sijaliona gari lako, ila kwa maelezo uliyotoa hapa ndipo ningeweka mkono kwanza.

Kwa hiyo kata huo muungo, uufungue, mtazame rangi kwa rangi. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi la sensa kwa kawaida inaonyesha waya upi ni wa kazi gani. Kama haipo, multimita itakuambia: zile mbili zenye ohm chache kati yao ndizo za hita, hata ziwe za rangi gani. Mkiunga upya, tumieni viungio vya kubana vinavyoziba maji, vikae mbali na bomba la moto. Kwenye 1NZ-FE ekzosi iko nyuma ya injini upande wa ukuta wa kabini, na joto la hapo linayeyusha utepe wa umeme kama mshumaa. Msichome kwa risasi, wala msipake grisi. Sensa nyingi huvuta ile hewa ya nje ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake, na risasi au grisi huiziba.

Nyaya zikishakuwa sawa, pimeni, msikisie. Chomoa soketi, pima ohm za hita upande wa sensa. Ikisoma ndani ya 11 hadi 16 ikiwa baridi, hita ni nzima. Ikisoma moja au mbili tu, kuna uwezekano mmewekewa sensa ya aina nyingine kabisa, nitaieleza hapo chini. Isiposoma chochote, hita imekatika. Kisha geukia upande wa gari: washa swichi bila kuwasha injini, pima kila tundu la soketi dhidi ya bodi. Tundu moja la hita lazima liwe na volti za betri. Kama hakuna, acha sensa, fuata fyuzi, rilei na waya kurudi nyuma. Magari ya umri huu waya hukatika ndani ya ganda lake, kwa nje unaonekana mzima.

Upande wa kurudi kwenye kompyuta fanya hivi. Chukua balbu ndogo ya wati 5, ile ya taa ya namba, uiunganishe kati ya matundu mawili ya hita upande wa gari, injini ikiwa baridi, kisha muwashe gari na kutazama mara moja. Balbu ikiwaka au ikipepesa, njia nzima ni safi hadi hapo kwenye soketi. Isipowaka na volti za betri zipo, waya wa kurudi umekatika au kompyuta haifungi njia. Balbu hiyo hula chini ya nusu ampea kwa hiyo haitaidhuru kompyuta. Ila kwenye waya wa taarifa usiiguse kabisa. Huko ni multimita ya dijitali peke yake.

Baada ya hapo ndipo uisikilize sensa inasema nini. Rudisha soketi, choma sindano nyembamba nyuma ya waya wa taarifa na ule wa bodi yake, pasha injini hadi joto la kawaida, kisha uiresi kwenye mizunguko 2,500 kama dakika mbili na uishikilie hapohapo. Sensa nzima itakuwa inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia, mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Ikiganda chini, jaribu kuisukuma: nyunyiza kidogo sana cha spreyi ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, ukiwa na kizimamoto karibu na mbali na ekzosi yenye moto. Volti zikiruka mara moja hadi 0.8, sensa ni hai na inasema kweli. Isipotikisika, ama imekufa ama muungo bado ni mbovu.

Kama sensa ni hai na bado inadai hewa ni nyingi, huku plagi ni nyeusi, ujue kuna oksijeni inayofika kwenye ekzosi bila kupitia kwenye moto wa injini. Njia zake ni mbili. Ya kwanza ni ekzosi kuvuja kabla ya sensa: gasketi ya manifoldi, ufa, au sensa yenyewe kutokazwa vizuri baada ya kufunguliwa mara mbili. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia tundu hilohilo. Amka asubuhi, washa gari likiwa baridi, sikiliza kama kuna mlio wa tik-tik-tik upande wa nyuma ya injini, halafu tazama kama kuna alama ya masizi kwenye maungio. Sensa ya kukaza kwa uzi, Toyota wanataka ikazwe kwa niutoni mita 44. Wengi hukaza kwa kubahatisha na spana ndefu. Gasketi mkibadilisha, msipake gasketi meka ya silikoni ya kawaida karibu na hapo, wala sehemu yoyote inayopitisha hewa au moshi wa injini. Mvuke wake ni sumu kwa sensa. Huifunika kauri kwa utando mweupe na sensa mpya inakufa ndani ya muda mfupi.

Njia ya pili ni silinda kumisi. Plagi isipochoma, hewa na petroli vyote viwili hutoka vibichi. Sensa haina uwezo wa kuhesabu petroli mbichi, inaona oksijeni tu, basi inapiga kelele kwamba hewa imezidi, na kompyuta inaongeza petroli. Kwenye 1NZ-FE kila silinda ina koili yake, na koili za miaka ishirini na zaidi huchoka. Tazama kama plagi zote nne ni nyeusi sawasawa, au moja imezidi wenzake na imelowa. Moja ikiwa imelowa, hamisha koili yake uipeleke silinda nyingine uone kama ubovu unaihama.

Habari ya hewa kuvuja upande wa kuingilia, ambayo mafundi wengi huikimbilia wakiiona P0171, kwako naiweka nyuma kwa sababu ya rangi ya plagi. Mkimaliza haya yote na plagi mpya zikaanza kuwa nyeupe, hapo ndipo mtazame mpira wa kurudisha hewa ya injini ulio chini ya manifoldi ya hewa, sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) yenye vumbi, na presha ya pampu, ambayo kwenye injini yako ni kilopaskali 304 hadi 343. Ukiwa na mashine inayoonyesha marekebisho ya petroli kwa asilimia, kuna dalili nzuri: namba ikiwa kubwa gari likiunguruma tu na kupungua ukiresi, hewa inavuja, ikikua kadiri unavyokanyaga, tatizo ni MAF, filta au pampu.

Juu ya mashine za kupimia. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma kodi kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, lakini gari lako lilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako wakati huo kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Soketi ni ileile ya pini 16, ila vile vidude vya bei nafuu vya kuunganisha na simu mara nyingi havishiki. Usidhani kompyuta imeharibika. Kwa magari mengi ya Japani ya Toyota ya wakati huo unaweza kuunganisha pini namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, ukawasha swichi, na taa ya cheki injini yenyewe ikahesabu kodi kwa kupepesa: mbili, pumziko, moja, hiyo ni 21, njia ya sensa ya oksijeni, mbili kisha tano ni 25, hewa nyingi. Angalia pini mara mbili kabla hujagusa, maana namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Na lile la taa kuzimika siku moja kisha kurudi halikuwa na maana yoyote kuhusu sensa ya used. Kodi hizi kwa kawaida huhitaji kompyuta ione kosa kwenye safari mbili zinazofuatana ndipo taa iwake. Fundi akifuta kodi, unaondoka gereji taa imezimwa hata kama hakuna kilichotengenezwa. Kwa hiyo msilipane kwa sababu taa imezimika. Fanya angalau safari mbili kamili, injini ipoe kabisa katikati yake, halafu msome tena.

Ikitokea kwamba kweli unahitaji sensa, nenda dukani na namba ya fremu iliyo kwenye kibao cha gari, ile inayoanza na NZE121, na utake namba ya kipuri. Sensa za kawaida za oksijeni za Toyota namba zake huanza na 89465. Zinazoanza na 89467 ni za aina nyingine, zinazopima uwiano wenyewe wa hewa na petroli, na Toyota iliweka aina hizi mbili kwa nyakati na masoko tofauti, hata kwenye injini ya familia moja. Kwa macho zinafanana mno, nyaya nne kwa nne. Lakini hizi za pili hita yake ina ohm chache sana, inavuta umeme mwingi kuliko gari lako linavyotarajia, na utapata P0135 palepale. Huenda hata ile ya used ilikuwa hiyo. Kama bado unayo, ipime ohm. Taarifa zake nazo hazipimwi kwa multimita kwa namna niliyoeleza, kwa hiyo usije ukaihukumu kwa kipimo cha mwenzake.

Masega sasa. Sensa iliyoleta kodi zako iko mbele ya masega, basi kuyatoa hakutabadilisha hata chembe ya inachoona. Utabaki na kodi zako, na pengine uongeze P0420, kodi ya masega yenyewe, huku gesi ya monoksidi ya kaboni ikitoka bila kusafishwa mbele ya nyumba yako. Na masega yana platini, paladi na rodi, madini yenye soko zuri. Muulize anayekushauri kuyatoa kwamba yakitoka yanabaki na nani. Ukweli ni kwamba kwa hali ilivyo sasa ndiyo yanayoumia, kwa sababu petroli mbichi inaungulia ndani yake na kauri yake inaweza kuyeyuka na kuziba njia ya moshi. Kwa hiyo punguza kutembeza gari mpaka muungo ule umefunguliwa na kukaguliwa. Kukata na kuunga nyaya nne upya ni kazi ya asubuhi moja, na multimita ya kawaida inatosha.

Ukishafanya hivyo, niandikie ohm za hita ulizopata, rangi za nyaya za sensa mpya, na kama balbu iliwaka. Kwa hayo matatu nitakuambia hatua inayofuata.